"UM umesema": nani huyo aliyesema?

Nimesoma tena barua ya kuomba uanagenzi katika masuala ya kisiasa, imeandikwa na kijana mwenye akili, shahada nzuri, Kifaransa anakimudu. Aya ya pili inaanza hivi: "Kwa kuwa Umoja wa Mataifa umekwisha kusema kwamba..." Hapo nikaiweka chini, nikaenda kuchemsha chai. Si yeye peke yake. Kila mwanagenzi mpya anayekuja kukaa nasi hapa Gigiri, ofisi za UM Nairobi, huja na sentensi hiyohiyo. UM umesema. UM umelaani. UM umekiri. Utadhani kuna mzee mmoja huko New York, kavaa kanzu ya buluu, anatoka barazani kila asubuhi kutoa kauli.

Mzee huyo hayupo, ndugu zangu. Anayetaka kazi hii, hata kwa miezi miwili, aanze kwa kumtoa kichwani.

Yale mnayoniuliza kila mara nayamaliza haraka. Maombi hupitia Inspira, tovuti ya ajira ya UM. Muda ni miezi miwili hadi sita. Sekretarieti, yaani ofisi za UM zilizo chini ya Katibu Mkuu, haikulipi, nauli na kodi ya nyumba ni juu yako, hilo nitalirudia. Kazi yenyewe ni kusoma na kuandika: magazeti ya asubuhi, redio za Kivu (mashariki ya Kongo), taarifa za serikali, kisha dokezo la ukurasa mmoja kwa bosi mwenye dakika kumi. Utakaa viti vya nyuma kwenye vikao ukiandika nani kasema nini. Siasa za jukwaani hakuna. Uenyekiti wa serikali ya wanafunzi sikuwekei alama, maana wengi wenu mmezoea kushinda hoja, na hapa hakuna anayekutuma ushinde.

Sasa turudi kwenye lile linalonikera. Nitumie mashariki ya Kongo, maana ndiko tunakolala na kuamkia.

Desemba 2022, Kundi la Wataalamu kuhusu Kongo lilitoa ripoti iliyosema lina ushahidi wa kutosha kwamba jeshi la Rwanda limeingia katika ardhi ya Kongo na kwamba linawasaidia waasi wa M23. Katikati ya mwaka 2024 likaja na makadirio ya wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000. Rwanda ilikanusha. Magazeti yote, na wajomba wote wa WhatsApp, wakaandika: "UM wasema Rwanda iko Kongo."

Hiyo ni sauti ya kwanza, ya kundi la wataalamu huru. Lilianzishwa kwa azimio 1533 la mwaka 2004, na ripoti zake huenda kwa kamati ya vikwazo ya Baraza la Usalama. Wajumbe wake si maofisa wa Sekretarieti, na hitimisho lao halilifungi Baraza. Baraza linaweza kuisoma ripoti, likaipokea, na likanyamaza.

Tarehe 26 Januari 2025, M23 wakiwa mlangoni mwa Goma, mji mkubwa wa Kivu, ikatoka kupitia Msemaji wake taarifa ya Katibu Mkuu Guterres ikilitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia M23 na liondoke Kongo. Hii sasa ni sauti ya pili. Katibu Mkuu anaongoza Sekretarieti. Anaweza kuonya, kusihi, kutuma mjumbe. Kuiamuru nchi mwanachama hawezi.

Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2773 kwa kura zote 15, lenye maneno yanayokaribiana sana na yale ya Katibu Mkuu. Msomaji wa haraka ataona marudio. Sisi tunaona kitu tofauti kabisa: sasa wanaosema ni nchi, pamoja na zile tano zenye kura ya turufu. Mwanagenzi mwenye jicho angeongeza kwamba Somalia ilikuwa ndani ya Baraza na ilipiga kura ya ndiyo, na kwamba Somalia, Rwanda na Kongo zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dokezo lenye mstari huo nalipeleka juu bila kuligusa.

Kati ya sauti ya kwanza na ya tatu ilipita miaka miwili na zaidi. Ukiandika "UM umesema" mara zote tatu, umeifuta miaka hiyo miwili, nayo ndiyo siasa yenyewe tuliyokuajiri uieleze. Samahani, hatukukuajiri. Tulikualika.

Kuna jambo wanagenzi hulibishia mpaka niwafungulie kanuni. Azimio linahitaji kura tisa na kutokuwepo kwa turufu. Lakini taarifa ya Baraza kwa vyombo vya habari, ambayo haina nguvu ya azimio, inahitaji wote 15 wakubali. Vivyo hivyo taarifa ya Rais wa Baraza. Maana yake ni kwamba nchi yoyote, hata isiyo na kiti cha kudumu, inaweza kuizuia karatasi dhaifu, ilhali karatasi nzito ingeweza kupita bila ya kura yake. Kwa hiyo Baraza likikaa kimya wiki nzima, usikimbilie kuandika kwamba "UM haujali". Huenda nchi 14 zimekubali na moja inang'ang'ania mstari mmoja. Tafuta ni ipi na ni mstari gani.

Mengine kwa kifupi, maana nimechoka: wale wataalamu maalumu wa Baraza la Haki za Binadamu hawalipwi mshahara na UM, na hawamsemei Katibu Mkuu. Taarifa ya Msemaji ina uzito mdogo kuliko ya Katibu Mkuu mwenyewe. Na ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, si chombo cha UM. Si chombo cha UM!

Hebu muone inavyokuwa mezani. Mwanagenzi ameandika: "UM umethibitisha kuwa Rwanda inaunga mkono M23." Nimekata kwa wino mwekundu, ikawa: "Kundi la Wataalamu, katika ripoti yake ya Desemba 2022, lilisema lina ushahidi wa msaada huo, Rwanda inakanusha." Akanitazama kana kwamba nimemwonea. "Lakini dada, si ni kweli?" Inawezekana ni kweli. Ila mjumbe wetu ataingia na karatasi hiyo kwa waziri, na waziri atauliza: nani amethibitisha, azimio namba ngapi? Mjumbe asipokuwa na jibu, kikao kimekwisha kabla ya kahawa.

Nikiri pia kinachoninyima raha. Tofauti hizi hutusaidia kujificha. Ni rahisi mno kusema "hilo ni la nchi wanachama" na kufunga jalada. Aliyekuwa Goma Januari ile akitafuta maji hakuwa na haja ya kujua sauti ipi ni ipi, na sijapata jibu la kumpa.

Halafu kuna hilo la pesa. Mwaka 2015 mwanagenzi wa UM kutoka New Zealand alionekana akilala kwenye hema huko Geneva, dunia ikashtuka kwa wiki moja. Sekretarieti bado hailipi. Matokeo nayaona kila msimu: anakuja aliyekulia mbali na Kivu, ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia pango Nairobi, kijana wa Bukavu, hukohuko Kivu, anayejua kila kilima na kila ukoo haji. Namfundisha wa kwanza kuandika kuhusu kwao wa pili. Sijui kama hilo linaweza kuitwa kutopendelea upande.

Anayetaka kujipima kabla ya kuomba, achukue taarifa ya mkutano wa pamoja wa EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Dar es Salaam, 8 Februari 2025, alikohudhuria Rais Kagame wa Rwanda mwenyewe huku Rais Tshisekedi wa Kongo akishiriki kwa video. Inataka majeshi ya kigeni "yasiyoalikwa" yaondoke Kongo, na nchi haitajwi. Iweke kando ya azimio 2773, lililopita siku 13 baadaye likaitaja Rwanda. Eleza nani alikuwa anasema, kwa mamlaka gani, na kwa nini jina lilikosekana Dar likapatikana New York. Mistari mitano, isizidi.