Dawa za asili bila kumaliza mfuko: maswali na majibu

Mama ana presha na sukari. Kila mwezi tunamnunulia chupa ya mafuta ya habasoda, na bei inatuumiza. Tufanyeje?

Nunueni mbegu. Mkipita soko la Darajani mjini Unguja, au sokoni Chake Chake kwa mlio Pemba, chukueni habasoda (zile mbegu ndogo nyeusi) nzima ya kupima, iliyokauka vizuri na yenye harufu kali. Isageni nyumbani ya wiki moja tu, maana unga hupoteza nguvu upesi. Kwenye chupa mnalipia na chupa yenyewe.

Lakini mama asiache vidonge. Habasoda hushusha presha na sukari kidogo. Haitoshi kushika nafasi ya vidonge, ila ikiongezwa juu yake sukari inaweza kushuka mno, akatoka kijasho na kutetemeka. Mwambieni daktari wake kuwa anaitumia. Wengi wanaona haya kusema, nami nawasihi waseme, kwa sababu daktari asiyejua atapanga dozi kwa kubahatisha.

Baba kapewa chupa ya mchanganyiko wa magoti. Siku mbili tu, anakwenda msikitini kwa miguu yake. Ni ghali, tuendelee?

Nafuu ya ghafla namna hiyo hunitia hofu. Nchi nyingi zimeshakamata dawa zinazoitwa za miti shamba, kumbe zimetiwa steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, kwa siri. Mtu hutembea kweli, lakini akizitumia kwa muda mrefu uso hufura, presha na sukari hupanda, mifupa hudhoofika. Kama amekunywa kwa wiki kadhaa, asikate ghafla, kwani hilo nalo lina hatari. Mpelekeni hospitali leo, na chupa yake mkononi.

Na kupiga chuku, yaani kuumikwa ili kutoa damu? Yupo anayechukua nusu bei.

Hapo msibane pesa. Wembe ufunguliwe mpya mbele ya macho yako, na vikombe visiwe vimetumiwa kwa mwengine. Kirusi cha homa ya ini B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka.

Mganga anataka pesa zote kabla ya kuanza.

Muulize kwanza cheti cha usajili. Zanzibar ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2008, kwa hiyo huna haja ya kuogopa kumvunjia heshima. Kisha akutajie bei ya tiba nzima, nawe umlipe wiki kwa wiki. Akikutaka uache dawa za hospitali, ondoka, hata kama umeshalipa.