Kijiti, tufe na maji: tunayodhani kuhusu mwendo wa chembe za nano

"Chembe iliyochongoka hupasua maji kama ngalawa."
Ngalawa ikishashika kasi huteleza hata tanga likiteremshwa. Chembe ya nano, yenye ukubwa wa nanomita chache hadi mamia (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), haina bahati hiyo: mnato wa maji huimaliza kasi yake papo hapo, na kinachoisogeza ni molekuli za maji zinazoigonga bila mpangilio kutoka kila upande. Chukua kirusi kinachosababisha batobato kwenye tumbaku, ambacho mwanakemia Mmarekani Wendell Stanley alikipata kikiwa fuwele mwaka 1935. Ni kijiti kigumu, urefu nanomita 300, unene 18. Ujazo uleule ukifinyangwa uwe tufe, kipenyo chake kinakuwa kama nanomita 53, na tufe hilo lingesambaa majini, yaani lingehamahama kwa kugongwa huko, kwa kasi ya karibu mara mbili ya kijiti. Wembamba haukusaidia kitu. Urefu ndio uliokiponza.

"Basi walau kijiti huenda kwa kufuata urefu wake."
Kwa muda mfupi sana, ndiyo. Ukinzani wa maji ni mdogo kikisogea kwa urefu kuliko kwa ubavu, ingawa tofauti haivuki mara mbili, kiwe chembamba kiasi gani. Lakini molekuli zilezile hukizungusha pia. Kirusi chetu hupoteza mwelekeo wake ndani ya milisekunde chache, kwa hiyo katika sekunde nzima hakuna upande kinaoupendelea. Hesabu za msuguano wa maumbo ya namna ya yai mwanafizikia Mfaransa Francis Perrin alishazifanya tangu 1934.

"Mashine imesema nanomita 100, basi ndio ukubwa wake."
Hii ndiyo inayoniudhi. Kifaa cha leza kinachopima chembe ndani ya maji hakioni umbo. Kinasoma jinsi mwanga uliotawanywa unavyopepesa, kinapata kasi ya msambao, halafu kinajibu swali moja tu: tufe la kipenyo gani lingesambaa hivi? Kwa kirusi hiki jibu ni kama nanomita 100, namba ambayo si urefu wala si unene. Anayepima vijiti vya nano vya dhahabu akaleta namba hiyo peke yake, mwombe picha ya hadubini ya elektroni kabla hamjaendelea.

"Dhahabu ni nzito, lazima isambae polepole."
Uzito huonekana kwenye kuzama. Kwenye msambao, tufe la dhahabu na la plastiki vya kipenyo kimoja, katika maji ya joto moja, huenda sawa.