Demensia: ugonjwa unaodhaniwa kuwa tabia mbaya

Demensia ni hali inayotokea pale ubongo unapoharibika hatua kwa hatua hadi mtu akashindwa kuendesha maisha yake kama alivyozoea. Wengi huanza kwa kusahau. Lakini wapo wanaoanza kwa kupotea njia ya sokoni waliyoipita miaka arobaini, wengine kwa kushindwa kuhesabu chenji, na wengine, ambao ndio huwachanganya zaidi ndugu zao, kwa kubadilika tabia: mzee mpole anakuwa mkali, mama mwenye haya anaanza kutoa maneno ya aibu mbele ya wakwe.

Hapo ndipo familia nyingi hupotea. Mkono ukivunjika kila mtu anaona, lakini ubongo ukiharibika tunachokiona ni mtu mbishi, mwongo, mchafu, mwenye kudeka. Tunamgombeza. Miaka inapita katika ugomvi kabla ya mtu mmoja kuuliza kama huenda mama anaumwa.

Uzee peke yake hauleti hali hii. Ni kweli hatari huongezeka kadiri umri unavyokwenda, hasa baada ya miaka 65, na ni kweli kila mzee husahau. Kusahau kwa kawaida ni kulitafuta jina la mtu kisha likakujia jioni ukiwa unakula. Mwenye demensia anaweza kusimulia jambo, na baada ya dakika tano akalisimulia tena kama jipya, bila kujua kwamba amekwisha kulisema. Bibi aliyepika maisha yake yote anasimama mbele ya jiko hajui aanze na mafuta au na kitunguu. Kipimo kizuri cha nyumbani ni hicho: je, kusahau huko kumemzuia kufanya kazi aliyoizoea?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu hawajaangalia hesabu. Hata hapa kwetu kazi ya kuhesabu imekwisha kufanyika: watafiti walikwenda katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee wenye miaka 70 na kuendelea. Takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na demensia.

Kazi iliyofuata huko Hai inanivutia zaidi ya hiyo takwimu. Vipimo vingi vya kumbukumbu vinavyotumika duniani vinamtaka mtu asome, aandike, achore saa kwa kalamu. Mzee ambaye hakwenda shule anafeli hata kama akili yake ni timamu kabisa. Basi kikatengenezwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Mzee anapewa njiti za kiberiti na kuombwa apange umbo kama alivyooneshwa. Anaulizwa daraja ni nini. Anaombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, amtaje kiongozi wa kijiji, aseme leo ni siku gani, na akumbuke maneno aliyosomewa muda mfupi uliopita. Mhudumu wa afya asiye daktari bingwa anaweza kukitumia, na hakuna kalamu inayohitajika. Matokeo yake hayatoshi kumwambia mtu kuwa ana demensia, ila yanaonyesha nani apelekwe hospitali.

Na hospitali ni lazima, kwa sababu si kila anayechanganyikiwa ana demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, sonona, damu iliyovuja taratibu kichwani baada ya kuanguka, kaswende ya siku nyingi, virusi vya UKIMWI, hata dawa anazotumia kwa maradhi mengine, vyote vinaweza kuleta picha inayofanana, na kadhaa kati ya hivyo vina tiba. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, jana alikuwa sawa na leo hajui yuko wapi, ni dharura. Mara nyingi ni malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka.

Kinachosababisha demensia mara nyingi ni ugonjwa wa Alzheimer, unaobeba kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Umepewa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani ambaye mwaka 1901, mjini Frankfurt, alianza kumfuatilia mwanamke aliyeitwa Auguste Deter, mwenye miaka 51 tu. Alipofariki mwaka 1906, daktari huyo aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta mabonge na nyuzi zilizojisokota, ambazo leo tunajua ni protini zilizojikusanya mahali pasipotakiwa. Aina ya pili kwa wingi hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, nayo hutembea pamoja na shinikizo la damu na kiharusi. Zipo nyingine, na mtu mmoja anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja.

Kwa kawaida Alzheimer huanza kula sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya. Ni kama ofisi ambayo karani wa masjala ameacha kazi: barua za leo hazipokelewi wala kuandikwa, lakini majalada ya mwaka 1965 bado yapo kabatini. Ndiyo maana babu anakusimulia safari yake ya kwanza ya Mombasa, nauli na jina la utingo, kisha anauliza kama amekunywa chai, na kikombe bado kiko mkononi. Hafanyi makusudi. Ile chai haijaandikwa popote.

Lakini hisia zina njia yake nyingine. Mgonjwa anaweza kusahau kabisa kwamba ulimfokea, halafu akashinda siku nzima ana huzuni asiyojua imetoka wapi. Anaweza kusahau kwamba ulikuja kumsalimia, na furaha ikabaki. Hili moja likieleweka nyumbani, mambo mengi ya uuguzi yanajieleza yenyewe.

Chukua swali linalowatesa wengi. Bibi anauliza, "Babu yenu bado hajarudi?" na babu alizikwa miaka mingi iliyopita. Mjukuu mkweli anajibu, "Bibi, babu si alifariki?" Kwa bibi hiyo ni habari ya msiba mpya. Analia kweli. Baada ya robo saa amesahau jibu na anauliza tena, naye mjukuu anamfisha babu kwa mara ya pili. Anayeijua hali hii angesema, "Leo umemkumbuka babu, eeh? Alikuwa akirudi anapenda umpikie nini?" Hajasema uongo, na bibi amepata alichokuwa anakitafuta, yaani kumzungumzia mume wake.

Au mama anadai, "Umeniibia pesa zangu." Kujitetea hakusaidii, kila hoja yako inakuwa ushahidi dhidi yako. Sema, "Pole mama, hebu tuzitafute wote." Kwa muda utazijua sehemu zake: chini ya godoro, ndani ya debe la unga, pembeni mwa kanga. Kanuni yangu ni kutobishana juu ya jambo ambalo mgonjwa hana uwezo wa kulipima. Usalama ni suala jingine. Hapo toa mtungi wa gesi nje, ficha kiberiti na dawa za kunyunyizia mimea, na usiombe ruhusa.

Mengine ni ya kuangalia mazingira. Jioni giza linapoingia wengi huanza kuhangaika, wanataka "kwenda nyumbani" nao wako nyumbani. Washa taa mapema, mpe kazi ya mkono, tembea naye hadi barazani mrudi. Kioo kikubwa chumbani kinaweza kumwonyesha mgeni asiyemjua. Sakafu inayong'aa anaweza kuiona kama maji akagoma kuikanyaga. Ukimwogesha, anza miguuni, maana maji ya ghafla kichwani yanamtisha, na mwache na kanga yake hadi dakika ya mwisho. Akiwa mkali bila sababu, kwanza tafuta maumivu, choo kigumu, kibofu kilichojaa, kiu, jino bovu. Ameshindwa kusema, mwili unasema kwa ajili yake.

Mwombe msaada, usimkalishe tu. Kuchambua mchele, kumenya karanga, kukunja nguo, kusuka ukili: mikono inakumbuka kazi hata pale mdomo umesahau jina lake. Nyimbo za ujanani, kaswida, sala na nyimbo za kanisani hukaa muda mrefu kuliko mazungumzo. Huko huko Hai walijaribu vikao vya vikundi vya kuchangamsha akili, vilivyorekebishwa vifae wazee wa vijijini, na uwezo wa kufikiri wa washiriki ukapata nafuu. Na mwamkie. "Shikamoo babu" anaipokea hata kama hajui wewe ni mtoto wa nani. Kumtumia sauti ya kitoto, au kumsema mbele yake kama hayupo, ni kumvunjia heshima ambayo bado anaihisi.

Sasa jambo zito. Mzee ameamka saa nane usiku, ametoka, amepotea, na alfajiri anakutwa uani kwa jirani, nguo nusu, hawezi kueleza alifikaje. Kwa anayejua ugonjwa huu, hizo ni dalili za kila siku. Kwa jirani mwenye hofu, mchawi amenaswa. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kilifi wazee wametuhumiwa na damu yao wenyewe, na shamba likiwa nyuma ya tuhuma. Usukumani macho mekundu, ambayo moshi wa kuni na samadi unatosha kuyaeleza, yamewagharimu vikongwe maisha. Si kila anayetuhumiwa ana demensia. Ila mwenye demensia hana njia ya kujitetea: ukimuuliza kama ni mchawi, anaweza kuitikia tu ili mwache kumpigia kelele. Kwa hiyo familia isiufiche ugonjwa. Mwambieni balozi au mzee wa mtaa, imamu au mchungaji, mwenye duka, vijana wa bodaboda pale kona: mama anaumwa ubongo, mkimwona peke yake mpigeni simu namba hii. Aibu ya kutangaza ni ndogo kuliko hatari ya kunyamaza.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi kwa sababu zenyewe zinafanya machache. Donepezil na memantine huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya muda bila kuuzuia ugonjwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu lecanemab, inayopunguza kasi ya Alzheimer kwa walio hatua za mwanzo, lakini kwa kawaida huanza kwa kupitishwa kwenye mshipa na inahitaji picha za ubongo za mara kwa mara. Kwa wengi wetu haifikiki. Wenye kuuza kikombe cha dawa au mizizi ya "kurudisha kumbukumbu" wanauza matumaini. Jihadharini pia na vidonge vya kumtuliza mgonjwa ili nyumba ilale. Kwa wazee wenye demensia huongeza kuanguka na hata vifo, na kwa aina fulani za demensia madhara yake ni makali mno.

Nafasi kubwa iko kwenye kinga. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa, takriban asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au kuchelewa. Humo kuna shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, upweke, majeraha ya kichwa, na kukosa shule utotoni. Dereva wa bodaboda asiyevaa helmeti leo yumo katika orodha hiyo.

Mtu wa mwisho wa kuangaliwa ni anayeuguza. WHO inasema wanawake hutoa asilimia 70 ya saa za uuguzi huu, na kwetu tunawajua: binti ambaye hakuolewa, mke wa mtoto wa mwisho, mjukuu aliyeacha shule. Ndugu wa mjini anakuja Jumapili, mgonjwa anachangamka kwa mgeni kama wengi wanavyofanya, na mgeni anaondoka akisema, "Mbona mama yuko sawa, mnamsingizia." Dawa yake ni kumwachia zamu ya usiku mmoja, wiki nzima ikiwezekana. Kikundi cha familia cha WhatsApp kisiwe cha kutuma pole tu. Kipange zamu, kilipe msaidizi, kinunue nepi za watu wazima, ambazo ni ghali.

Na mali. Wosia, hati ya kiwanja, akaunti ya benki na namba ya siri ya simu vishughulikiwe mapema, mgonjwa mwenyewe akiwa bado anaweza kusema anataka nini na kwa nani. Dole gumba la mtu asiyeelewa anachosaini halimlindi, na mahakamani litawapa ndugu kesi ya miaka. Ombeni barua ya daktari inayoonyesha kwamba siku hiyo alikuwa anaelewa, muwe na mwanasheria na mashahidi wasiorithi chochote, na fanyeni hivyo kabla hajaja mpwa mwenye karatasi zake mfukoni.