Maji mekundu ya bahari: jicho halitoshi

Bahari ikigeuka nyekundu, kila mtu ufukweni huwa mtaalamu. Mmoja atasema samaki wote sasa ni sumu, mwingine atakwambia chemsha sana, ule. Wote wawili wamekosea, na huyo wa pili ndiye atakayekupeleka hospitali.

“Yakiwa mekundu ni sumu, yakiwa meupe ni salama.”

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Rangi huletwa na viumbe wa seli moja, wengi wao jamii ya mwani, wanapozaliana kupita kiasi. Mmojawapo, Noktiluka, huyafanya maji yawe mazito na mekundu kama mchuzi wa nyanya, na usiku ukitia mkono humo vidole vinamulika rangi ya buluu. Inatisha kutazama, lakini haina sumu ya kumdhuru mlaji. Wanaotaabika ni samaki, kwa amonia inayotoka humo. Mwani uitwao Aleksandriamu ni habari nyingine. Huo hutengeneza saksitoksini, sumu inayotia ganzi na kuzuia pumzi, na unaweza kufanya madhara kabla bahari haijabadilika rangi hata kidogo. Kome mmoja anaweza kuchuja zaidi ya lita moja ya maji kwa saa, na sumu hujikusanya ndani yake huku yeye mwenyewe akiwa mzima. Mfungue, mnuse: hakuna harufu ngeni, na ladha ni ileile ya siku zote.

“Moto unaimaliza.”

Moto huua vijidudu. Saksitoksini ni kemikali, na inastahimili kuchemshwa, kuchomwa na kugandishwa. Ndimu nayo haiifanyi kitu. Mwezi Juni 1793, mabaharia wa kapteni George Vancouver walikula kome asubuhi kwenye hori moja katika pwani ya magharibi ya Kanada ya leo. Haikuchukua muda, nyuso na viungo vikaanza kufa ganzi. Mmoja wao, John Carter, alifariki siku hiyohiyo, na hori lile mpaka leo huandikwa Poison Cove, yaani Hori la Sumu, kwenye ramani. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini haijapatikana bado. Hospitalini mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe, kwa hiyo midomo ikianza ganzi baada ya kula kome, usingoje ipoe.

“Basi tusile chochote cha baharini.”

Hapa wavuvi huonewa. Sumu hizi hukaa zaidi kwenye matumbo na ini, kwa hiyo samaki aliyevuliwa akiwa mzima, akapasuliwa na matumbo yakatupwa, mnofu wake kwa kawaida hauna neno. Anayeelea au kutapatapa juu ya maji aachwe hukohuko. Chaza, kome na kombe mara nyingi huliwa pamoja na matumbo yao, ndiyo maana uvunaji wao hufungwa kwanza. Soko halisubiri maelezo hayo: uvumi ukishaanza, hata mwenye samaki safi anarudi nao nyumbani.

“Samaki hufa kwa sumu tu.”

Florida, Marekani, ni kweli: mwani uitwao Karenia brevis huua samaki na nguva kwa sumu, na mawimbi yakizipasua seli zake, sumu hupanda hewani na watu wa ufukweni hukohoa. Mlipuko wa mwani huo ulioanza huko mwishoni mwa 2017 ulidumu hadi mapema 2019.

Lakini Elands Bay, Afrika Kusini, mwaka 1997, kilichoua ni kukosa pumzi. Mwani ulipokufa na kuzama, bakteria waliouozesha walimaliza oksijeni ya chini. Kamba koche wakakimbilia maji mafupi, maji yakapwa, wakabaki mchangani: takriban tani 2,000. Chile mwaka 2016, samoni karibu tani 40,000 walikufa vizimbani, mahali ambapo samaki hana pa kukimbilia.

“Ni uchafu wa binadamu tu.”

Nusu kweli. Carter alikufa kabla ya mbolea za viwandani, na pwani nyingi hupata milipuko hii maji baridi yenye virutubisho yanapopanda kutoka kilindini. Ila uchafu huongeza chakula cha mwani. Japani, baada ya samaki wa kufugwa wapatao milioni 14 kufa katika Bahari ya Ndani ya Seto mwaka 1972, sheria ilibana maji taka, na milipuko ikapungua kutoka karibu 300 mwaka 1976 hadi kama 100 kwa mwaka baadaye.

“Rangi ikiondoka, yamekwisha.”

Kome huweza kujisafisha ndani ya wiki kadhaa. Aina moja ya kombe wa pwani ya Pasifiki, Amerika Kaskazini, anaweza kukaa na saksitoksini hadi miaka miwili. Ndiyo maana uvunaji hufunguliwa kwa kipimo cha maabara, na nchi nyingi hutumia kikomo cha mikrogramu 800 za sumu kwa kilo ya nyama.