Chumba na sebule Sinza: wanayosema na yaliyo kweli

“Nyumba Dar ni kodi ya miezi sita, ndiyo sheria.” Atakwambia dalali, atakwambia mwenye nyumba, na mpangaji mwenzako atarudia. Hakuna sheria hiyo. Ni mazoea, na mazoea yanajadilika. Wapo wenye nyumba wanaopokea miezi mitatu, hasa nyumba ikishakaa tupu muda. Wengine hawasogei, na hapo uamuzi ni wako. Vilevile usidhani kuna ofisi itakayomzuia kupandisha bei. Wazee bado wanakumbuka enzi za kodi kudhibitiwa, lakini sheria ile ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi bei ni makubaliano yenu, kwa hiyo elewaneni kabla hujatoa hela: kodi itapanda lini, na utaambiwa mapema kiasi gani.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: “Ukishapewa ufunguo, umepata nyumba.” Niliiamini. Nilionyeshwa chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, vigae vipya vinang’aa. Nikamlipa mtu aliyejitambulisha kuwa mdogo wake mwenye nyumba, nikakabidhiwa ufunguo. Jumamosi nafika na kirikuu, godoro limefungwa kamba juu ya kabati, namkuta dada mmoja ana mtoto mgongoni, anahangaika na kitasa kilekile kwa ufunguo kama wangu. Alikuwa amelipa siku mbili kabla yangu. Kila mmoja wetu alishika karatasi ya daftari yenye sahihi ileile, na ile namba ya simu haikupatikana tena.

Ufunguo unachongwa barabarani kwa dakika chache, haumthibitishi mtu. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe, uulize nyumba ile ni ya nani. Ongea na wapangaji wengine wa pale, dalali akiwa hayupo. Kisha lipa kwa akaunti au namba iliyosajiliwa kwa jina hilohilo ulilotajiwa, na mkataba usainiwe mbele ya mashahidi. Mwenye nyumba wa kweli hakasiriki ukiuliza haya. Anayekuharakisha kwa kusema “kuna mtu anakuja na hela jioni”, mwache huyo mtu aje.

Wengine huenda upande wa pili: “Bila mkataba wa maandishi huna haki yoyote.” Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata kama mlikubaliana kwa mdomo, na kupewa notisi kabla ya kutolewa si hisani ya mwenye nyumba. Shida ya maneno ya mdomo ni ushahidi, kwa hiyo tunza risiti na meseji za miamala. Mkishindwa kuelewana mtaani, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: ile shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi wengi huiita kodi ya mpangaji. Ni kodi ya jengo, na anayedaiwa ni mwenye jengo. Ni vile tu inakatwa unaponunua umeme, ndiyo maana inakuangukia wewe. Mwombe aitoe kwenye pango, na muiandike kwenye mkataba. Uliza pia kama mita ni yako peke yako, maana mita ya kuchangia huvunja ujirani haraka.

La mwisho ni “Sinza imepimwa, maji hayaingii.” Ni kweli Sinza ilipangwa kwa viwanja katika miaka ya 1970, na mitaa yake imenyooka kuliko ya Manzese au Tandale. Lakini bonde la Mto Ng’ombe liko palepale, na nyumba zilizo upande wa chini zinajua masika ni nini. Ukiingia ndani, tazama ukuta karibu na sakafu. Rangi mpya iliyopakwa usawa wa goti tu, huku juu rangi imechakaa, inaficha alama ya maji. Fungua bomba, mwaga ndoo nzima chooni uone inavyoshuka. Na ikiwezekana, kabla ya kulipa, rudi siku mvua inanyesha.