"Fundi, Iache Pana, Nina Mwili"

Jumamosi iliyopita nimeisikia mara tatu kabla ya saa sita: "Fundi, iache pana, nina mwili." Mama wa tatu alinijia na kitenge cha yadi sita, rangi zake zinapendeza, akataka nikishone kiwe hema. Nashona hapa Kenyatta Market miaka mingi na kauli hii bado inaniuma, maana nguo pana haifichi chochote.

Kitambaa huning'inia kutoka pale mwili ulipotokeza zaidi. Kama kifua ni inchi 44 na kiuno 36, gauni lisilobanwa popote linaanguka wima kutoka kifuani hadi chini, na anayekutazama anaona 44 mwili mzima. Zile inchi nane ulizojaliwa umezifukia mwenyewe. Kitenge ndicho kinachoumbua zaidi, kwa kuwa ni pamba isiyovutika na ikiwa mpya husimama kama karatasi. Krepu, kitambaa laini kinachoteremka bila kusimama, ingekusitiri kidogo. Dera lina kazi yake, na kwenye joto la Mombasa silikatazi, ila usilivae ukidhani limekupunguza.

Yule mama alikuja amevaa gauni pana vilevile. Nikamsimamisha mbele ya kioo, nikakunja kitambaa mgongoni, kila upande wa uti, nikabana pini mbili. Basi. Alitazama, akashika kiuno kwa mikono yote miwili, akakaa kimya. Wala sikumkaza: kiganja changu bado kilipita ndani. Inchi mbili za nafasi kiunoni zinatosha kuketi, kula na kupanda matatu.

Halafu kuna bega. Mshono wa bega ukishuka hata inchi moja chini ya mfupa, mkono wote unaonekana mzito na kifua kinaonekana kimelala. Kila nguo ya mtumba ninayoletewa kurekebisha, bega ndilo naliangalia kwanza. Likikataa, namrudishia mwenyewe. Kulibadilisha ni kufumua mikono yote.

Kuhusu mtumba, "mimi huvaa 14" hainiambii kitu. 14 ya wapi? Ile ya Uingereza inakaribiana na 10 ya Marekani na 42 ya Ulaya, na kwenye soko la mitumba la Gikomba zote zinalala kwenye rundo moja. Nenda na tepu.

Mistari ya kulala inanenepesha? Hermann von Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani, alieleza tangu mwaka 1867 kwamba mraba uliojaa mistari ya kulala huonekana mrefu kuliko ule wa mistari ya kusimama, ingawa vipimo ni sawa. Vaa mistari yako.

Nyeusi kweli humeza vivuli vya mikunjo. Lakini satini nyeusi inang'aa, na mng'ao unakaa juu ya kila mkunjo. Chagua isiyong'aa.

Na wanaoniletea picha kwenye simu, "mimi ni umbo la peasi", "mimi ni figa nane", nawaomba waweke simu kando tupime. Njoo umevaa sidiria utakayoivalia gauni lenyewe, kwani iliyolegea inashusha dati za kifua, ile mikunjo inayoshonwa kufuata umbo, na gauni jipya litakaa vibaya siku ya harusi. Kiuno utakipata kwa kuinama upande: pale mwili unapokunja. Funga kamba hapo, na usiifungue mpaka nimalize kupima.