Nguzo za Namoratunga: dhana potofu na ukweli

Karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, zimesimama nguzo 19 za basalti, jiwe la volkano. Waturkana husimulia kuwa ni wacheza ngoma waliogeuzwa mawe. Hadithi hiyo haimdanganyi mtu. Zinazodanganya ni zile zilizovaa joho la sayansi.

Dhana: Ni kalenda ya nyota ya mwaka 300 KK.
Watafiti Lynch na Robbins walidai hivyo mwaka 1978, kwamba nguzo zinaelekea zinakochomoza nyota kadhaa, Kilimia kikiwemo. Kasoro ilianzia kwenye dira. Basalti hii ina usumaku, na ukiisogelea mshale unapotoka. Mwanaakiolojia Robert Soper alipopima upya, pembe zilikuja tofauti. Ukiwa mahali kama hapo, soma pembe kutoka nguzo moja hadi nyingine, kisha rudi usome kinyume. Tofauti isipokuwa digrii 180, weka dira mfukoni upime kwa jua.

Halafu kuna hesabu, ambayo wengi huiruka. Nguzo 19 zina jozi 171, na kila jozi hutazama pande mbili: mielekeo 342 kwenye upeo wa digrii 360. Hapo kukosa nyota ndiyo kazi! Mwaka wenyewe uliazimwa kutoka makaburi ya Lokori, mbali kusini. Nguzo za bonde hili la Turkana zina miaka kati ya 4,000 na 5,000, na kwa muda huo anga nayo imehama, takriban digrii 1 kila miaka 72.

Dhana: Zilichongwa.
Hapana. Lava ikipoa hunywea na kupasuka yenyewe kuwa nguzo zenye pande bapa. Kazi ilikuwa kuzing'oa na kuzibeba.

Dhana: Bila mfalme wa kuamrisha, zisingejengwa.
Tazama Lothagam Kaskazini, eneo jingine la nguzo katika bonde hilohilo. Wafugaji wa kwanza wa eneo hili walichimba mchanga hadi kwenye mwamba, wakazika humo kwa karne kadhaa, wakafunika kwa mawe, kisha wakasimamisha nguzo, nyingine zikitoka umbali wa kilomita 1 hivi. Jukwaa lina kipenyo cha mita 30, na waliozikwa wanakadiriwa kuwa 580 au zaidi: wazee, wanawake, watoto wachanga. Hakuna kona ya wakubwa. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi au za maganda ya mayai ya mbuni; mmoja alivikwa kichwani pambo la meno ya panya wa jangwani, mamia kwa mamia, yamepangwa safu safu.